Kwa Atakayekalia Kiti Changu

Ufunguo wa kabati hauingii wima, Otgonbayar,
uinamishe kidogo, kama mtu anayechungulia.
Ndani kuna bango letu la bluu, Idara ya Hali ya Hewa,
herufi ya mwisho imebanduka. Igundishe.
Usiagize jipya kabla ya Aprili, kasma imekauka.

Waandishi waalike Jumatano, saa nne asubuhi.
Jumatatu wanadaiwa habari za bunge,
Ijumaa roho zao zimeshapanda farasi kwenda mashambani.
Ujumbe uwe mmoja. Ukiwapa tatu
watachukua ya nne, ambayo hukuisema.
Chai ya maziwa na chumvi wamiminie kwanza wapiga picha,
wao hufika mapema na huondoka wamenuna.
Na betri, ndugu yangu, betri!
Ulaanbaatar mwezi wa Januari huzinyonya kama ndama.
Zifiche kwapani, chini ya koti, zigusane na ngozi.

Hayo yote niliyajua mwaka jana.
Tulikuwa tukizindua mtambo wa kuwaonya wafugaji kwa simu
kabla ya dzud, ile baridi
inayofungia nyasi ndani ya barafu
hadi kondoo wanakufa wamesimama, macho wazi.
Nilipanga viti arobaini. Nilipima kimo cha naibu waziri
ili maikrofoni isimfiche kidevu.
Mkurugenzi akasema, tafuta mfugaji mmoja,
mwenye uso wa kupigwa picha, aseme asante.

Choijil dereva alikwenda kumchukua Dulamsuren,
kilomita mia nne na ushei, usiku kucha,
mama wa miaka thelathini na minne, mashavu yamechomwa na upepo.
Hotuba yake niliiandika mimi.
Dakika mbili. Neno "shukrani" mara tano.
Nikamfundisha asimame wapi, aangalie wapi,
mikono aiweke wapi.
Aliitikia kila kitu. Alikunywa chai yake mpaka tone la mwisho.

Naibu waziri alichelewa, akasema, akapigiwa makofi.
Kisha yeye. Akaikunja karatasi yangu mara nne,
akaitia mkononi mwa koti lake.

"Ujumbe wenu ulinifikia," akasema.
"Ulifika Jumanne.
Dhoruba ilifika Jumatatu."

Akanyamaza kidogo, kama anayehesabu.
"Nilikuwa na kondoo mia tatu na kumi na mmoja.
Simu ililia nikiwa juu ya lori la mizoga.
Nikausoma. Umeandikwa vizuri."

Akarudi kwenye kiti chake.

Hujawahi kusikia ukimya wa watu arobaini
na mtambo mmoja wa joto unaogugumia ukutani.
Mkurugenzi alinitazama kama niliyemwaga mafuta ya taa kitandani mwake.
Maswali nilikuwa nimeyatengea dakika kumi.
Yalikula saa nzima, na hakuna aliyeuliza habari za mtambo wetu
isipokuwa hili: ile siku moja ilipotelea meza ya nani?

Ilipotelea mezani pangu.
Ilikuwa ikingoja nembo ya wizara, irekebishwe rangi.

Fomu ya tathmini iko faili la kijani.
Palipoandikwa "Je, shughuli ilifanikiwa?"
niliandika ndiyo, nikafuta, nikaandika ndiyo.
Siku hizi onyo hutoka bila nembo,
kwa herufi kavu, saa ileile linapojulikana.
Sisemi ni kwa sababu yangu. Sisemi pia si kwa sababu yake.

Mwaka huu watakuagiza tena mfugaji wa kusema asante.
Namba ya Dulamsuren nimeibandika chini ya droo.
Mpigie mapema, mtandao kule huja na kuondoka.
Usimwandikie kitu.
Mwulize tu kama gari litamfaa au atakuja mwenyewe.

Na betri, usisahau. Kwapani.